Mama, kila Krismasi tunapeleka zawadi kituoni; mwaka huu moyo wangu umekataa

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina kikundi cha wanawake wenzangu, tuko 22. Tulianza 2018 kwa kucheza upatu tu, na mwaka uleule mmoja wetu akasema, jamani, hizi hela za faini za wachelewaji tuongezee kidogo twende tukale Krismasi na watoto yatima. Tukaenda. Siku ile tulirudi kwenye gari kimya kimya, kila mtu anafuta machozi. Tangu hapo kila tarehe 24 Desemba tunakwenda kituo kilekile. Mimi ndiye mweka hazina.

Mwaka jana kila mtu alichanga shilingi 100,000, tukapata 2,200,000. Fulana zenye jina la kikundi zilikula 330,000. Kukodi Coaster 200,000. Mpiga picha 150,000. Keki kubwa ya kukata mbele ya watoto 120,000. Kwa hiyo kabla hatujanunua hata kilo moja ya mchele, 800,000 ilikuwa imeshakwenda. Niliandika kwenye daftari kwa mkono wangu na sikusema kitu, kwa sababu ndivyo tulivyofanya miaka yote.

Tulipofika tulikuta sisi ni kundi la tatu siku hiyo. Wa kwanza walikuwa wameshaondoka, wa pili bado wako kwenye hotuba. Watoto walikuwa wamekaa chini ya hema tangu asubuhi. Zamu yetu ilipofika wakatuimbia wimbo uleule wa kukaribisha wageni, sauti zimeshakauka. Nikamsaidia mama mlezi kupeleka vitu stoo. Mama, ile stoo ilikuwa imejaa katoni za biskuti mpaka karibu na dari, ikabidi za kwetu tuzipange kwenye korido. Yule mama akaniambia kwa upole tu, bila kulalamika, kwamba mlezi wa usiku ana miezi miwili hajalipwa na gesi ya jikoni imebaki ya siku chache.

Nilipotoka stoo, mtoto wa kike wa miaka kama minane alinishika fulana. Akaniuliza, "Anti, na wewe Krismasi unaenda kwenu?" Nikamwambia hapana, mwaka huu nimekuja kwenu. Akasema, "Mimi ningekuwa na nauli ningeenda kwa bibi Singida." Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia nitarudi Januari tuongee vizuri. Januari ikaja na ada za watoto wangu, Februari na Machi zikapita, nikaenda Mei. Mama mlezi akaniambia yule mtoto alikuwa akikaa karibu na geti kila Jumamosi, mpaka akaacha. Jambo la pili nililoambiwa siku hiyo ni kwamba mwenzetu mmoja alikuwa ameweka picha ya mtoto huyo mtandaoni, na wanafunzi wenzake waliiona kwenye simu, wakawa wanamwita "mtoto wa msaada".

Upande wa pili kuna mama yangu. Ana miaka 74, yuko Rombo, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba letu la migomba la familia, na kijana mmoja wa kumsaidia migomba na mbuzi. Sisi Wachaga watu wanatutania kwamba Desemba tunakwenda kwetu kuhesabiwa, lakini kwa mama yangu si utani, kweli anahesabu. Tangu 2018 mimi simo. Mwezi uliopita alinipigia akasema, "Watoto wa watu wana wewe kila Krismasi, mimi nina wewe kwenye simu."

Mwaka huu kwenye kikao nilisema tubadilishe utaratibu. Mwenyekiti anataka twende kituo kikubwa zaidi, na tumwalike kijana mwenye chaneli ya YouTube aturekodi ili wengine wahamasike. Nilipopinga niliambiwa nimechoka kusaidia na ninatafuta sababu ya kukimbilia Rombo. Nimeumia, kwa sababu ni kweli nataka kwenda Rombo.

Je, nijitoe kwenye kikundi? Nibaki ninyamaze? Na kuna jambo nimeliwaza usiku mwingi: nimchukue yule mtoto niende naye kwa mama, akale Krismasi kwenye familia. Nishauri, Mama.

Mweka Hazina, Tabata

---

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na hilo uliloliacha mwisho, kwa sababu ndilo lenye haraka. Usimchukue yule mtoto kwenda naye Rombo.

Najua linatoka kwenye moyo mwema. Lakini mtoto aliye kwenye kituo hayuko mikononi mwa mama mlezi peke yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na afisa ustawi wa jamii ahusike mtoto anapoingia au kutoka. Mlezi akikuruhusu uondoke naye kienyeji kwa sababu anakufahamu, jua kwamba anaweza kumruhusu na mwingine asiye na nia kama yako. Na hata kama vibali vyote vingepatikana, jiulize mtoto mwenyewe angebaki na nini. Angekaa siku chache kwenye nyumba yenye mtori, binamu na bibi anayemwita mjukuu, halafu tarehe 2 Januari arudishwe getini. Umeshamwona akisubiri kwa ahadi ya maneno manne tu. Fikiria atakavyosubiri baada ya kuonja nyumba nzima.

Tena soma tena barua yako. Mtoto hakukuomba Krismasi ya kwenu. Alikuomba nauli ya kwenda kwao.

Watoto wengi tunaowaita yatima kwenye vituo wana mzazi mmoja aliye hai, au wana bibi, mjomba au shangazi mahali fulani. Walifika kituoni kwa sababu ya umaskini, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, au kwa sababu siku mama alipofariki hakuna aliyekuwa na uwezo wa kulisha mdomo mwingine. Huyu wako anajua bibi yuko wapi. Nenda kwa mama mlezi wiki hii, usisubiri tarehe 24, umwombe mwende pamoja kwa afisa ustawi wa jamii. Waulizeni kama huyo bibi anafahamika, kama ana afya ya kumpokea mtoto kwa likizo, na kama nyumba ile ni salama. Hili la usalama usilione dogo, maana wapo watoto waliotolewa nyumbani kwa sababu nzito na mtoto mwenyewe hakuambiwa. Afisa akisema haiwezekani, kubali. Akisema inawezekana, hapo ndipo kikundi chako kina kazi.

Piga hesabu kama mweka hazina. Mtoto hasafiri peke yake, anasindikizwa na mlezi au mtu aliyeidhinishwa. Kwa hiyo ni nauli ya watu wawili kwenda na mmoja kurudi, na likizo ikiisha ni hivyohivyo kinyume chake. Siku hizi treni ya SGR inafika Dodoma na kutoka hapo Singida ni basi, kwa hiyo safari si ngumu kama zamani. Ongeza kiroba cha unga, mafuta ya kula, sabuni, na chochote mama mlezi atakachosema, ili mtoto asifike kwa bibi yake kama mzigo. Ukishamaliza hesabu hiyo, rudi kwenye daftari utazame ile 330,000 ya fulana. Nina hakika utakuta mtoto zaidi ya mmoja angelala kwa ndugu zake kwa hela ile.

Mimi nilikuwa muuguzi miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa wodi ya watoto katika hospitali ya mkoa, kwa hiyo hizo tarehe 24 na 25 nazijua kutoka upande wa pili wa kitanda. Makundi yalikuwa yanakuja moja baada ya jingine. Wanaimba, wanagawa juisi, wanabeba watoto, wanapiga picha na wale walioungua au wenye mguu uliotundikwa. Sikuwahi kuwachukia, wengi walikuwa na huruma ya kweli na wengine walilipia dawa za watu wasiowajua. Lakini tarehe 27 nilikuwa nabaki mimi na watoto wanaouliza, "Sista, wale watakuja leo?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba kile kilio cha tarehe 27 sisi watu wazima ndio tuliokitengeneza. Mtoto mgonjwa, au mtoto aliyeachwa, anajishikiza haraka kwa yeyote anayemkumbatia. Mkimkumbatia watu 22 kwa saa mbili halafu mkaondoka wote, mmemfundisha tena kuachwa.

Kwa hiyo nakusihi hili la kubeba na kukumbatia watoto mliache kabisa. Kituo kinahitaji mikono, tena siku za sikukuu kuliko siku nyingine, kwa sababu walezi na wapishi nao wana watoto wao na wangetamani kula nao Krismasi. Mpigie mama mlezi umuulize tu, "Tarehe 25 nani yuko jikoni, na nani anafua mashuka?" Watatu au wanne kati yenu wasiosafiri wakaingie jikoni, wachambue mchele, wakate vitunguu, waoshe masufuria, ili mpishi aondoke saa nne asubuhi akawapikie wanawe. Wengine wakashone vyandarua vilivyotoboka au wakapange ile stoo. Na chakula kikiiva kigawiwe na walezi wenyewe, siyo nyinyi, ili watoto waendelee kujua kwamba anayewalisha ni yule anayelala nao.

Sasa kuhusu zile katoni za biskuti. Desemba kila mtu anakumbuka, na kila mtu anakumbuka biskuti na soda. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016, ndiyo, lakini sare, viatu, begi na madaftari mtoto anavihitaji vilevile, na kituo chenye watoto 40 kinavihitaji mara 40. Hapo ndipo simu za wahisani zinapokuwa hazipatikani. Kuna gesi, kuna nauli ya kliniki, kuna mlezi wa usiku ambaye hajalipwa. Huyo mlezi wa usiku ndiye anayeamka mtoto akitapika saa nane. Asipolipwa ataondoka, na kuondoka kwake kutawaumiza watoto kuliko Krismasi isiyo na keki. Wanawake 22 wakitoa 10,000 kila mwezi ni 220,000, na kwa mwaka mnavuka ile 2,200,000 mliyotoa kwa siku moja, kwa 440,000. Muulizeni kituo hiyo 220,000 ishike nini, mkatae kuamua wenyewe, na mlipe kwa risiti.

Na kabla ya yote hayo ombeni kuona leseni. Msione aibu, kituo kinachofanya kazi safi hakikasiriki kuulizwa. Kama kuna siku mtaona mtoto anapigwa au ananyimwa chakula, namba 116 ya msaada kwa mtoto haina malipo. Nasema haya kwa sababu msaada ukizidi mlangoni bila maswali, kuna watu hujifunza kwamba watoto ni biashara, wakaanza kuwatafuta. Wenzetu Kenya mwaka 2017 walisimamisha kusajili vituo vipya kwa sababu ya aina hiyohiyo ya wasiwasi. Kituo kikubwa zaidi anachokitaka mwenyekiti wenu kinaweza kuwa kizuri kabisa, lakini ukubwa si kigezo. Kile mnachokijua tangu 2018, ambacho mama mlezi wake anaweza kukuambia ukweli stoo, ndicho chenu.

Hilo la YouTube sitalizunguka. Picha ya mtoto aliye kwenye kituo haitakiwi mtandaoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto inazihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo "mlezi alituruhusu" huenda isitoshe kama kinga, na hata ingetosha, wewe umeshaona matokeo yake. Mtoto wa miaka minane ameitwa "mtoto wa msaada" darasani kwa sababu ya picha ya kikundi chako. Mwenzenu aliyeiweka aiondoe leo, na kila aliyeihifadhi aifute. Mkitaka kuhamasisha wengine, pigeni picha masufuria mliyoosha, rundo la madaftari, risiti ya gesi.

Ninajua mwenyekiti atauliza, sasa sisi 22 tufanye nini Desemba, maana kikundi bila siku yake kinakufa. Ana haki ya kuuliza. Mwambie hivi kutoka kwangu.

Katika miaka yangu yote ya kazi, Desemba nilikuwa naogopa friji la damu. Sehemu kubwa ya wachangiaji wa damu nchini ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa wanatawanyika, na wakati uleule mabasi na magari madogo yanajaa barabarani, ajali zinaongezeka, na wajawazito hawaachi kujifungua kwa sababu ni sikukuu. Nimewahi kusimama kwenye korido na baba mwenye mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, nikimwambia tafuta ndugu, naye ndugu zake wote wamesafiri. Sijasahau uso wake. Chupa moja ni kama mililita 450, na ikitunzwa vizuri inakaa kwenye friji kama siku 35, kwa hiyo mkichangia katikati ya Desemba damu yenu itavuka Krismasi na mwaka mpya. Mwanamke anachangia kila baada ya miezi minne. Anatakiwa awe na kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, asiwe mjamzito wala asiwe ananyonyesha, na wingi wa damu atapimwa palepale. Kati yenu 22 labda 12 watafaa. Chupa 12, mwanangu! Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo Dar es Salaam, na hospitali kubwa zinapokea wachangiaji. Pigeni simu kwanza, wengine wakisikia ni kikundi huja na vifaa mahali mlipo. Mkitaka vaeni fulana zenu za miaka iliyopita mpige picha mpaka mtosheke, maana mkono uliochomwa sindano ni wa kwenu na ridhaa ni ya kwenu.

Kikao nacho. Usiende na hotuba, nenda na daftari. Soma mapato na matumizi ya mwaka jana kwa sauti, polepole, kama mweka hazina anavyopaswa, halafu ueleze ulichokiona stoo na alichokuuliza mtoto. Na useme kosa lako kwanza: "Nilimwahidi Januari nikaenda Mei." Ukianza na lako, hakuna atakayehisi umekuja kumhukumu. Usitaje jina la aliyeweka picha, mfuate kwake peke yake, wanawake wazima hawasutwi mbele ya wenzao. Mwenyekiti mpe heshima yake, maana bila yeye huenda msingekuwa na kikundi. Mwombe yeye ndiye aende na wewe kwa mama mlezi. Mtu akishasikia kwa masikio yake habari ya mlezi wa usiku, hahitaji kushawishiwa na mimi. Wakikataa yote, usijitoe kwa hasira. Waambie mwaka huu mchango wako utaupeleka kwenye nauli na gesi, na ukiwapata watatu wa kukuunga mkono, mnatosha kuanza.

Na Rombo uende. Umeandika kwamba umeumia kwa sababu ni kweli unataka kwenda, kana kwamba kumtaka mama yako ni kosa. Yule mtoto alikuuliza kama unaenda kwenu kwa sababu kichwani mwake Krismasi ni kwenda kwenu. Mama wa miaka 74 aliyekukosa tangu 2018 anahesabu kila mwaka, umesema mwenyewe. Unaweza kuchangia damu katikati ya mwezi, kukabidhi nauli na hela ya mlezi kabla ya tarehe 20, na tarehe 23 ukawa umeshapita Himo unapandisha Marangu. Ila kata tiketi sasa, unajua mabasi ya Kilimanjaro Desemba yalivyo.

Kabla hujasafiri pita kituoni, uende peke yako, bila zawadi ya kubeba mkononi. Mkute yule mtoto mama mlezi akiwapo, umwombe radhi. Watoto hawaombwi radhi mara nyingi, lakini wanaelewa sana. Mweleze mlipofikia kuhusu bibi yake, hata kama afisa bado hajaamua, na usimpe matumaini zaidi ya uliyonayo. Akikuuliza utarudi lini, usimwambie Januari. Mwambie Jumamosi ya pili ya Januari, saa nne asubuhi, na uiandike kwenye kalenda yao ya ukutani akiwa anakuona.